Amina Kabla ya Fundo

Jumapili jioni, Matisi. Mvua imeanza mchana, ile ya Kitale isiyo na haraka, na mimi ndani ya nyumba siwezi kukaa. Nimefagia sakafu iliyofagiwa. Nimeosha sufuria iliyooshwa. Nimechemsha chai, nikaiacha mezani, nikaenda dirishani kuangalia matope kana kwamba kuna mtu nimemwambia aje.

Hakuna mtu.

Kinachonitembeza hivi ni Jumamosi ijayo. Mwalimu Njoroge amesema tunarudi kwenye mwamba, na safari hii tunakwenda na vijana wa kanisa, ambao wengine hawajawahi hata kuvaa mshipi wa kupandia. Mimi nimepangwa kushika kamba. Na mwenzetu Wafula bado ana plasta ya mguu kutoka vidoleni hadi juu ya goti.

Acha niandike kwa mpangilio, labda miguu itatulia.

Kikundi chetu ni kidogo tu. Mimi wiki nzima niko mjini nauza mbegu na dawa za mifugo, Wafula anafundisha watu kuendesha magari, na Mwalimu Njoroge anafundisha hesabu. Yeye ndiye kiongozi wetu kanisani, na bila kupigiwa kura akawa kiongozi wetu mwambani pia. Jumamosi tunapita Endebess, tunaacha gari kwa mzee mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa, tunapanda miamba iliyo nyuma ya shamba lake upande wa Mlima Elgon. Mama yangu husema babu hakuhama Nyeri kutafuta shamba tambarare ili mjukuu wake aende kuning'inia kwenye mawe. Sijawahi kupata jibu la hilo.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Kamba inapita juu kabisa kwenye pete za chuma. Upande mmoja umefungwa kiunoni kwa anayepanda, upande wa pili anashika mtu wa chini. Wa juu akiteleza, wa chini anaikaza, mwenzake ananing'inia hewani, anacheka, anaendelea. Kila kitu kinategemea lile fundo la kiunoni. Lina umbo la namba nane na linafungwa kwa hatua mbili. Kwanza unapiga nane. Kisha unapitisha ncha kwenye mshipi na kuirudisha ikifuata njia ileile mpaka nane ziwe mbili. Ukiishia katikati, ukiwa mbali utadhani ni fundo, kumbe ni kamba iliyopitishwa tu kwenye mshipi na kuachwa.

Mkufunzi wetu wa mwanzo alirudia jambo moja mpaka tukamchoka. Kitu cha mwisho, kabla mguu haujaacha ardhi, angalia fundo la mwenzako na uliguse kwa mkono. Tulifanya hivyo. Kisha akapata kazi mbali, tukabaki wenyewe, na sisi ni watu wa maombi. Hatuanzi mkutano wala hatuli mandazi bila kuomba. Tukaanza kuomba pale chini ya mwamba, tumeshikana mikono, vichwa wazi. Mwanzoni tuliomba kisha tukaangaliana mafundo. Polepole ile Amina ikawa ndiyo filimbi yetu. Ikisemwa, mtu anapanda.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyelitamka. Kuanza kupapasa fundo la mtu baada ya kumkabidhi kwa Mungu kulikuwa kunatutia aibu. Ni kama kumwambia Mungu, asante sana, lakini ngoja kwanza tuhakikishe.

Siku aliyoumia Wafula kulikuwa na ukungu na baridi. Kwa kawaida anayepanda wa kwanza ni Mwalimu mwenyewe, lakini alikuwa na mafua makali, akamwachia Wafula. Wafula akapiga nane. Akapitisha ncha kwenye mshipi. Alikuwa anatuchekesha na habari za mwanafunzi wake aliyekanyaga mafuta badala ya breki akaingia na gari kwenye kibanda cha mboga, na mikono ikiwa bado kwenye kamba Mwalimu akaita, "Tuombe." Wafula akaiachia kamba, akavua helmeti, akanipa mkono.

Maombi yalikuwa marefu. Mwalimu akiwa mgonjwa huombea hata Bunge.

Amina. Wafula akavaa helmeti, akafunga zipu ya koti lake refu, akapanda. Koti lilifunika kiuno chote. Mimi nilikuwa naangalia jinsi anavyoshika mawe vizuri, nikimsifu kwa sauti.

Alipofika juu kiasi cha paa la kanisa letu, mguu ukateleza. Nikakaza kamba kama ninavyoikaza siku zote, nikajitayarisha kuvutwa. Sikuvutwa. Nimebeba magunia ya mahindi, nimebeba watoto wa dada yangu wawili kwa pamoja, na sijawahi kuogopa mzigo wowote kama nilivyoogopa wepesi wa ile kamba. Ilikuja yote mikononi mwangu bila mtu.

Aliangukia mteremko wenye nyasi na vichaka, ndiyo maana yuko hai. Mguu umevunjika mahali pawili na helmeti ilipasuka kama ganda la yai. Tulimbeba kwa turubai ya yule mzee, tukamlaza kwenye pikapu ya maziwa katikati ya mikebe. Njia nzima aliniuliza swali moja, "Si nilikuwa nimefunga? Wanjiku, si nilifunga?" Nilimshika mkono tu.

Leo mama yake ametuita kwao Chwele kwa maombi ya shukrani. Mama Wafula ni mjane, anauza ndizi sokoni, na Wafula ndiye mtoto wake wa pekee wa kiume. Alikuwa amechinja kuku na kuazima viti kwa majirani. Wafula ameketi na mguu wake juu ya stuli, magongo ukutani, amekonda lakini mdomo haujakonda. Aliponiona alisema, "Sasa, mshika kamba. Leo umeshika nini?" Nikamwonyesha mkate niliobeba. Tulicheka, kisha wote wawili tukaacha kwa wakati mmoja.

Mwalimu alihubiri vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema shetani alikuwa ameandaa kifo, Mungu akakikataa. Alisema tunarudi kwenye mwamba Jumamosi, na vijana, ili adui ajue hatujaogopa. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema dada Wanjiku atoe ushuhuda, maana yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamba.

Nilikuwa nimejiandalia maneno matamu tangu asubuhi. Nikasimama, nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia. Halafu mdomo wangu, ambao mama anauombea tangu nikiwa darasa la tatu, ukaenda zake. Nikasema fundo halikuwa limemalizwa. Nikasema Wafula alikuwa bado analifunga tulipomwita kuomba, na baada ya Amina hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia. Nikasema Jumamosi tunapeleka watoto wa watu pale pale, kwa utaratibu ule ule.

Nilisikia kuku mmoja aliyesalimika akipiga kelele nyuma ya nyumba.

"Kwa hivyo dada," Mwalimu akasema polepole, "unataka kusema ni maombi ndiyo ilimwangusha?"

Uso uliniwaka moto. Ni yeye aliyenizikia baba, aliyekuja nyumbani kila jioni ya matanga, na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya wageni nikionekana kama mtu anayemshtaki Mungu kwa polisi.

Mama Wafula ndiye aliyeniokoa. "Mwalimu, wacha tukure kwanza. Hii chakura itapoa."

Tukasimama kubariki chakula. Mwalimu akaanza, na akawa na mengi ya kumwambia Mungu, nadhani mengine yalikuwa yananihusu mimi. Nilishindwa kufumba macho. Nikaangalia huku na huku kama mwizi.

Nikamwona Mama Wafula. Alikuwa amesimama karibu na jiko la makaa lenye sufuria kubwa ya chai inayochemka. Midomo yake ilikuwa inafuata maombi, ndiyo Bwana, ndiyo Baba, kwa imani yote aliyo nayo, na imani yake si ndogo. Lakini macho yalikuwa wazi, na mkono mmoja ulikuwa umeshika nyuma ya gauni la mjukuu wake mdogo, yule aliyeanza kutembea juzi, anayenyoosha vidole kuelekea sufuria. Mtoto akivuta, naye anavuta. Tukatazamana. Hakuona haya, wala hakufumba macho.

Alisema Amina kwa sauti kubwa kuliko sisi wote, na hakuliachia lile gauni.

Wakati wa kuagana Wafula aliniita kando. "Usijiskie vibaya, bana. Ata mimi venye nilisikia Amina, niliona ni kama nimemaliza kufunga." Akatazama plasta. "Si uwaambie hiyo?"

Sasa niko hapa. Nimezunguka meza hii mpaka zulia limejikunja. Ninampenda Mwalimu na ninaogopa kumpoteza, hiyo ndiyo kweli yenyewe. Ninaogopa kuitwa yule dada ambaye imani imempungua. Lakini nikifikiria msichana wa kwaya akipanda na koti limefunika kiuno, na mimi chini nikiwa na kamba nyepesi mkononi, naichukua simu.

Nimemwandikia. Nimefuta mara nyingi, mwisho nikaacha hivi: "Mwalimu, nisamehe kwa vile nilivyosema mbele za watu. Sikatai maombi. Naomba tu tuombe kwanza kabla mtu hajagusa kamba. Mtu akianza kufunga fundo, asiitwe, hata kama ni kwa maombi. Na kabla hajapanda nitafungua koti lake na kuligusa fundo lake kwa mkono wangu, kila mtu, kila mara. Kama haiwezekani, sitashika kamba Jumamosi, na nitawaambia wazazi kwa nini."

Nikaituma kabla sijapata akili.

Akaisoma papo hapo. Simu ikaonyesha anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena. Nilienda jikoni, nikarudi, nikaenda mlangoni, nikarudi.

Nilitarajia mstari wa Biblia. Au kwamba nitolewe kwenye kikundi, basi, nijue moja.

Jibu lake halikuwa na salamu. "Kila Jumamosi mimi ndiye napanda wa kwanza. Baada tu ya kuomba. Fundo langu uliwahi kuliangalia?"

Nikavuta kiti. Nikazipitia Jumamosi hizo kichwani, yeye akisema Amina, akivaa helmeti, akigeuka kuukabili mwamba, na mimi nikiikaza kamba kwa imani kwamba kuna mtu amefungwa upande ule. Ana watoto watatu. Mdogo ananiita shangazi.

"Hapana, Mwalimu," nikaandika. "Hata mara moja."

Mvua ikapungua juu ya mabati. Kisha simu ikatetemeka mezani.

"Basi Jumamosi uanze na langu."

Chai imepoa kabisa na imefanya utando juu. Ninainywa hivyo hivyo, nikiwa nimekaa.