Babu wa Sponji

Jumatatu, 4 Machi
Uso wa Babu, kikaragosi wangu mpya, umekuja! Wiki mbili nakata sponji, natupa, nakata, natupa. Leo mchana mvua ilinyesha, karakana ikaingia giza kidogo, vikaragosi vikaning'inia kwenye kamba vimetulia, kama vinasikiliza. Nikasinzia, nadhani. Mkasi ulikuwa bado mkononi. Nilipozinduka, Babu alikuwa mezani — pua pana, shavu moja limebonyea, midomo ya mtu anayetaka kusema jambo halafu anaghairi. Sikumbuki kuikata ile midomo. Miaka ishirini na sita ya majoka ya jukwaani na majoho ya wafalme, sijawahi kupata uso kama huu.

Jumatano, 6 Machi
Mtayarishaji wa kipindi kaja. Kamvaa Babu mkononi, kamfungua mdomo, kaanza kucheka peke yake. Anasema huyu ndiye atakayewasomea watoto hadithi kila jioni kwenye runinga, nisimguse hata uzi. Kurekodi ni Alhamisi ijayo. Dereva atamfuata asubuhi. Nimemshonea koti la kahawia, mifuko mikubwa. Nimeimba kutwa nzima. Sauti yangu mbaya, lakini nani wa kunishtaki?

Ijumaa, 8 Machi
Dada kapita kuchukua sketi aliyotaka niipanue kiuno (anasema eti ilirudi ilipofuliwa). Kamwona Babu. Sketi ikamtoka mkononi.

"Huyu si baba?"

Nikamwambia acha mambo yako. Halafu nikatazama. Lo! Shavu lile. Midomo ile. Baba alipoondoka na begi lake nilikuwa na miaka kumi na moja, na picha zote mama alizichoma siku hiyo hiyo. Nilidhani nimemsahau. Kumbe mikono haikumsahau.

Dada kakasirika hasa. Mama hukaa mbele ya runinga kila jioni na wajukuu. Miaka arobaini hajalitaja jina la yule mtu, leo tumwingizie sebuleni, tena anachekesha? Nibadilishe uso, au nisahau kwamba nina dada.

Jumapili, 10 Machi
Nimejaribu. Si kwa Babu mwenyewe — moyo ulikataa — nimetengeneza wa pili. Pua nyembamba, mashavu yote yamejaa. Sura ya karani anayekwambia urudi kesho! Hakuna mtoto atakayemsikiliza huyu.

Baadaye nimekaa tu, nikaota nikiwa macho. Natembea njia ndefu, Babu mkononi mwangu, na kila nyumba tunayopita kuna mtu dirishani anamjua. Sikutaka njia iishe.

Jumanne, 12 Machi
Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimempigia mama simu. Nimemwambia yote, hata kwamba naupenda uso ule kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Kisha akauliza kama karakana yangu ina kiti chenye mgongo.

Naogopa.

Alhamisi, 14 Machi
Mama kafika kabla sijafungua madirisha. Kavaa gauni lake zuri. Nikamweka Babu kwenye stendi, nikarudi nyuma. Mama akamtazama, akasogea, akamtazama tena.

"Umekosea macho, mwanangu. Yeye hakuwahi kunitazama hivi."

Nikamweleza ndivyo tunavyoyaweka — mboni tunazisogeza kidogo kuelekea pua, ili kila mtoto aone anatazamwa yeye. Nikasema, mama, neno lako tu, nachukua mkasi sasa hivi. Alivuta kiti akakaa, uso kwa uso na Babu.

Akaanza kumsimulia. Kwa sauti ya kawaida tu, kama anayempa habari za nyumbani mtu aliyekuwa safarini. Paa lilivyovuja mvua za kwanza. Dada alivyougua surua, na nani alikesha naye. Nilivyokuwa nakata mapazia kuwashonea wanasesere wangu nguo, na fimbo nilizokula. Mwaka baada ya mwaka, haruki hata mmoja. Mimi nimekaa juu ya ndoo ya gundi, naandika ili nisilie mbele yake, na nalia vilevile.

Dereva anapiga honi. Sasa anagonga mlango. Dada naye anapiga simu, sipokei.

Mama hata hageuki. Ndio kwanza amefika mwaka niliomaliza shule.