Mama Lilian Hakuwa Mkulima

Mwaka umetimia, mdogo wetu Elirehema, Mama Lilian, tangu tukulaze Akheri kwenye migomba ya baba, mvua ya Novemba ikitunyeshea na matope yakituvua viatu. Ulikuwa na miaka hamsini na mbili. Tunakuandikia gazetini kwa sababu kuna jambo tulilikosea siku ile mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo pa kulirekebisha.

Wasifu wako uliposomwa, ilisemwa kazi yako ilikuwa ukulima. Aliyeandika ni mimi, kaka yako Sifaeli. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeteremka kwenye basi kutoka Mererani, nikapewa kalamu eti nina mwandiko, na nilipofika penye "kazi" mkono ukaenda wenyewe. Huku mlimani kila anayekufa ni mkulima. Mwalimu mkulima, dereva mkulima, hata mimi nisiyeshika jembe tangu ujana, nikianguka kesho wataandika hivyo hivyo.

Pudensiana, aliyekuwa jirani wa kibanda chako cha kazi pale Ngarenaro, mjini Arusha, hakuvumilia. Alisimama katikati ya waombolezaji akasema kwa sauti, "Mkulima wa nini? Shamba lake liko wapi tukavune?" Watu wakamnyamazisha. Sasa tunasema wazi: Pudensiana alikuwa sahihi, sisi tulikosea.

Wewe ulikuwa fundi wa kazi za waya. Kwa wasiojua maana yake, tunaieleza kama ulivyoieleza wewe. Mtu akikuletea geti lililovunjika ulimwambia, "Penye moto wa kuchomelea, mpelekee mchomeleaji. Penye msumari, hiyo ya seremala. Kazi ya waya ni waya kushikana wenyewe kwa wenyewe." Ulikunja, ulisokota, ulifuma. Ulikuwa na plaizi moja, kipande cha gogo la kukunjia, na vidole vyenye makovu ambavyo hukuvificha hata siku ya ushirika kanisani.

Mjini watu hawakuwa na majina ya vitu vyako. Walikuja wakisema, "Mama Lilian, nataka ile ya waya."

"Ya waya ipi?"

"Ya mayai."

"Sema kikapu cha mayai. Kuku wako akisikia unasema 'ile' atasusa kutaga."

Mwingine alitaka kizimba cha sungura, mwingine mtego wa panya, mwingine kifuniko cha kuzuia paka asifike kwenye nyama. Nimetembea sana nchi hii. Nimekuta kikapu chako kimening'inia Babati, na kingine Singida kwa mtu asiyejua hata Arusha iko upande gani. Nilikitambua kwa jinsi ncha za waya zilivyogeuzwa ndani. Ulikuwa ukisema, "Mtu amenunua kikapu, hakununua kidonda."

Hukuwa mtu wa asubuhi. Kabla ya chai ilikuwa afadhali kukupita kimya. Lakini mzee Lemburis, miwani yake ilipovunjika mkono, ulimwekea mkono wa waya bila kuombwa, na mpaka leo anaisomea Biblia.

Kazi yako kubwa, hata hivyo, ilikuwa wavu wa vichanja vya kuanikia kahawa. Tundu la wavu lilitakiwa kupitisha maji na kuzuia punje. Ulikuwa unadondosha punje moja ya kahawa juu ya wavu uliomalizika. Ikipenya, unafumua wote. Nilikuona kwa macho yangu ukifumua kazi ya siku tatu, mwenye mali amesimama pale akikusihi, "Mama, acha tu, inatosha." Ulimjibu, "Inakutosha wewe. Mimi bado."

Ilipokuja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje, maduka yalijaa wavu wa plastiki wa kijani, rahisi na mwepesi. Watu walikuja kukupa pole ungali mzima. Uliwaambia, "Ruksa si ya wenye maduka peke yao. Wao wauze, na mimi nifume." Misimu miwili haikupita, jua likaulegeza ule wa plastiki, kahawa ikajikusanya katikati na kuota ukungu. Na ndiyo miaka hiyo wanunuzi binafsi walianza kupanda mlimani na malori yao, wakichagua na kukataa. Wakulima walirudi kwako mmoja mmoja, wengine wakipitia mlango wa nyuma kwa aibu. Hukumcheka hata mmoja. Tuseme ukweli, ulimcheka mmoja.

Mwezi uliopita ukoo ulikaa kikao kuhusu jiwe la kaburi lako. Sisi wa nyumbani tulitaka liandikwe kazi yako. Baba yetu mdogo akakataa. Alisema waya ni shughuli ya vijiweni, si ya kuchongwa kwenye jiwe, na kwamba ukoo huu una walimu na mchungaji. "Tutachekwa. Andikeni mkulima kama wenzenu."

Wengi tuliinamisha vichwa. Mwanao Lilian akasimama.

"Shikamoo babu," akasema, ingawa alikwisha kumwamkia.

"Marahaba."

"Kahawa yako umeianika wapi msimu huu?"

"Kwenye kichanja. Wapi tena?"

"Na juu ya miti ya kichanja umetandika nini?"

Mzee akavuta kikombe chake cha chai.

"Basi kama ile si kazi, babu, kesho nije niikunje niondoke nayo. Nitakuachia miti yako."

Mzee alichukua bakora yake akatoka. Chai yake ilibaki mezani mpaka ikapoa.

Jiwe limechongwa. Limeandikwa ELIREHEMA, FUNDI WA KAZI ZA WAYA. Litawekwa Jumamosi hii saa nne asubuhi, Akheri, baada ya ibada fupi. Atakayekuja na kicheko chake aje nacho, atatukuta tumesimama.

Tunaokukumbuka ni mama yetu Elizabeth, ambaye siku nyingine husahau akakuita uje ule. Mwanao Lilian, ambaye hajakifunga kibanda hata wiki moja. Kaka yako Sifaeli. Na Pudensiana wa Ngarenaro, ambaye si ndugu wa damu na tumemweka hapa makusudi.

Baba mdogo ametuma ujumbe kwamba jina lake lisionekane kwenye tangazo lenye neno waya. Tumemtii, halimo. Kahawa yake bado iko juu ya wavu wako.

Hatutakusahau, Mama Lilian, maisha yetu yote. Na hatutakuita tena kwa kazi ambayo hukuifanya.