Namwonea Wivu Mwanamke wa Kwenye Bango, na Ni Mimi

Anti Birago mpendwa, nakuandikia hapa Kumasi nikiwa nimejifungia bafuni kwa mama yangu, tafadhali nisaidie, maana nikimweleza mtu mwingine atacheka kwanza ndipo anipe pole.

Naitwa Konadu, nauza vitambaa sokoni Kejetia, nina mume, Owusu, fundi wa magari, na binti wa miaka tisa, Ataa, na sikuwa na ugomvi wowote na mwili wangu mpaka mshonaji wetu, Madam Fosuwaa, aliponiomba nivae gauni lake nipigwe picha ya tangazo, nikakubali kwa furaha, nikasuka, nikajiremba, na baada ya muda bango likasimama barabarani, kubwa kuliko nyumba yetu, na pale juu nilikuwa mimi, Anti, lakini sikuwa mimi.

Walinibana kiuno nikawa kama nyigu, wakanivimbisha makalio, wakaning'arisha ngozi, wakanifuta mistari ya shingoni ambayo bibi yangu alikuwa akiisifu mbele ya wageni, na wakaniziba mwanya, mwanya huohuo uliomfanya Owusu anifuate siku ya kwanza kutoka kituo cha mafuta mpaka mlangoni mwa kanisa. Nilipomuuliza Fosuwaa akanijibu, "Dada, nimekurekebisha bure, na hata hushukuru?"

Mwanzoni niliringa, sikufichi, nilikuwa napita pale hata kama sina safari, lakini wateja wakaanza kuja sokoni kunitafuta, mmoja akanitazama juu mpaka chini akauliza, "Yule mrembo wa bango yuko wapi?" nikamwambia ndiye mimi, akasema, "Acha utani, mama, niitie mdogo wako." Siku hiyo nilifunga mapema, nikaenda kununua kaptula yenye sponji, na dawa ya maji ya kukuza makalio anayoiuza mama mmoja kwenye simu, dawa ambayo makalio haijayagusa, imenivimbisha mashavu tu na kunilaza juu ya vitambaa mchana kutwa, wateja ndio wananiamsha.

Kisha nikamkuta Owusu ameiweka ile picha kwenye simu yake.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Konadu, si ni wewe!"

"Si mimi! Huyu hana mwanya!"

"Sasa nifanyeje, nimfukuze?"

Nilimnunia, Anti, kwa sababu ya mwanamke ambaye ni mimi.

Jumamosi tukawa kwenye harusi ya wifi yangu, nimevaa sponji zangu, muziki ukakolea, nikainuka kucheza, nikainama kidogo kwa madaha, sponji ya kulia ikahamia tumboni, ya kushoto ikateremka mpaka gotini, na shangazi yake Owusu, ambaye hajui kunong'ona, akapiga kelele, "Mshikeni Konadu, anajifungua kupitia goti!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Owusu naye akacheka mpaka akaketi chini. Nikamshika mtoto mkono, nikaondoka bila kugusa chakula, nikaja kwa mama.

Sasa kuna daktari Accra, wanasema ananyonya mafuta ya tumbo na kuyahamishia nyuma, nimeshapanga kwenda Ijumaa, Owusu hajui, lakini leo asubuhi nimemkuta Ataa mbele ya kioo ameziba mwanya wake kwa chingamu nyeupe, nikamuuliza unafanya nini, akasema, "Leo tunapigwa picha shuleni, nami nataka kufanana na mama wa bango." Anti, niende au nisiende?

Konadu

Konadu,

Nimecheka. Nasema mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Pale kwenye goti niliiweka barua chini nikafuta machozi. Halafu nikafika kwa Ataa, kicheko kikakatika.

Una akili wewe, au umezinywa pamoja na hiyo dawa? Unashindana na mtu asiyekula fufu, asiyezaa, asiyejamba, aliyetengenezwa na kijana kwenye kompyuta kabla ya chakula cha mchana! Pole, lakini. Najua si bango lile moja tu. Ukifungua simu yumo, ukienda saluni yuko ukutani, ukiwasha televisheni anauza sabuni. Kutwa tunaambiwa tuna kasoro, na anayetuambia ndiye mwenye dawa mkononi.

Haya, nisikilize. Hiyo chupa usiitupe, ipeleke hospitali leo hii. Uvimbe na usingizi wa namna hiyo si mchezo, wakupime. Accra huendi. Upasuaji anaofichwa mume, na ambao daktari wake unamjua kwa "wanasema" tu, ni kamari, na unachoweka mezani ni roho yako. Owusu umwambie waziwazi kwamba alikuumiza, na aje kuomba radhi pamoja na shangazi yake. Kwa Fosuwaa nenda umwambie aishushe sura yako, maana ulimpa ruhusa ya kuipiga picha, si ya kuifinyanga upya. Na Ataa usimhubirie. Mpeleke chini ya bango, mwonyeshe walipokata na walipoongeza, akuone wewe na hilo dude kwa pamoja.

Wako,
Anti Birago

Nyongeza: Kabla gazeti halijachapwa, Konadu amenipigia. Daktari wa hospitali amemnyang'anya chupa na kumgombeza kuliko mimi. Owusu alikuja na shangazi, ambaye aliomba radhi kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje. Konadu sasa amerudi nyumbani kwake. Bado anajitazama kwenye kila kioo cha duka anachopita, na sikumlaumu, mambo haya hayaishi kwa siku moja. Ataa alilitazama bango kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, huyu akienda chooni anakaaje?"

Fosuwaa naye amekubali kuishusha sura ya Konadu. Sura tu. Mwili ameuacha palepale, akabandika juu yake kichwa cha dada mwingine. Wewe dada mwenye kichwa hicho, kama unasoma hapa, niandikie upesi, kabla hujanunua dawa.