Alichouliza Mama Kobelo

Bigwa, Morogoro

Mjukuu wangu Anjela,

Marahaba. Sisi hapa tu wazima. Babu yako amepona mguu na amerudi kwenye kabichi zake.

Unaniuliza kama uache masomo ya udaktari wa teolojia, kwa kuwa maprofesa wamekurudishia tasnifu yako tena uirekebishe, na huku watu wanasema masomo hayo hayana faida.

Nilipokuwa msichana nilifundisha katekisimu kule juu milimani. Siku moja tulimzika mtoto mchanga wa Mama Kobelo, aliyefariki kabla ya kubatizwa. Tukiwa bado makaburini, mama yake alinishika mkono.

"Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

Kesho yake nikateremka hadi misheni kumwuliza padri. Alitoa vitabu vyake, akasoma, akafikiri, akasoma tena, nami nikimngoja mpaka jua likaelekea kuzama. Mwishowe akasema, "Mwambie kwamba Mungu hakumsubiri padri ndipo ampende mtoto wake."

Nilipomfikishia maneno hayo, Mama Kobelo aliniomba niyarudie. Nikayarudia. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha akakubali kula.

Tangu hapo sijawahi kuyaona masomo yako kuwa anasa. Yule padri aliweza kujibu kwa sababu kuna watu waliowahi kukaa na swali gumu bila kulikimbia. Wewe nawe kaa, mama, umalize. Tunakuombea.

Bibi yako,
Skolastika