Kipengele cha Saba

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha bwenini kimekuacha. Sisi huku wazima wa mwili. Mama anakusalimu, anasema kwenye picha umekonda.

Kaka, Dada wa kazi hayupo tena. Miaka miwili ametupikia na kutufulia, yeye aliyesema nikiolewa mume wangu apewe na redio, angalau nyumba isikie sauti. Jumapili moja alipata habari kuwa mama yake amezidiwa, akaomba ruhusa. Mama akamwambia kuna wageni, aende siku nyingine. Akaenda hivyo hivyo, akakuta wameshazika. Aliporudi, begi lake lilikuwa nje ya mlango.

Alishtaki kwenye ofisi ya kazi, tukaitwa. Afisa akafungua ule mkataba wake wa Kiingereza, akasoma kipengele cha saba: mfanyakazi atapumzika siku moja nzima kila wiki, siku atakayoichagua na kumjulisha mwajiri. Dada akasema taratibu kwamba hilo ndiyo kwanza analisikia. Mama akajibu kuwa siku ilikuwepo, mwenyewe hakuitaka. Tena alisomewa neno kwa neno, na msomaji huyu hapa. Afisa akaniuliza kama nilimsomea wote.

Nikasema ndiyo.

Akaandika kwamba haki yake aliijua, siku hakuichagua, basi Jumapili ile alitoroka kazi. Dada alinitazama, akainamisha macho kana kwamba aibu ni yake.

Kaka, Mama hakunituma. Siku ya kutia sahihi, Dada akiwa ameshakaa nasi miezi kadhaa, Mama alikuwa anatafuta kalamu, mimi nikimtafsiria Dada pale kwenye meza ya jikoni. Nilipofika cha saba niliona Jumapili zangu zikiondoka. Wewe ulikuwa umeshakwenda, na ni yeye tu niliyeweza kuongea naye bila kutetemeka. Nikakiruka, nikasoma cha nane. Akanishukuru, akasema elimu yangu itamfaa mtu.

Jana nilirudi kwa afisa peke yangu, nikamweleza yote. Akasema jalada limefungwa, labda Dada mwenyewe akate rufaa kabla mwezi haujaisha. Hakuna ajuaye alikokwenda. Namba pekee aliyotuachia ilikuwa ya mama yake. Naipiga kila nikitoka shule. Inaita tu.

Mama bado hajui. Mwambie wewe; mimi nikifungua mdomo hakitoki kitu.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na usiache kuvaa sweta.

Mdogo wako,
Kimya