Mama Mkwe Naye Alisogeza Basi Lake

Mshauri mpendwa,

Shikamoo, na kama hatuzidiani umri basi habari za kazi. Naomba msaada wako kabla sijavunja ndoa yangu na kituo cha basi kwa mpigo mmoja.

Mimi ni mwanamke niliyeolewa, kazi yangu ni kupanga ratiba za mabasi ya halmashauri ya wilaya yetu, na mama mkwe wangu, ambaye yuko kwenye kazi hii tangu mume wangu akivaa kaptula za shule, ndiye mkurugenzi wa mabasi wa wilaya jirani. Mabasi yetu hayavuki mpaka na yao hayavuki, yote yanageuzia kituo kimoja pale katikati, kibanda cha bati chenye benchi moja, na abiria wetu wanaokwenda hospitali, ambayo iko upande wao, hushuka kwenye basi langu wakapanda la mama. Tatizo la zamani lilikuwa kwamba la mama liliondoka langu likiwa bado linakuja, dereva wangu analiona kabisa likipinda kona, na watu wanabaki kungoja linalofuata huku miadi yao na daktari ikipita.

Basi wakubwa wa pande zote mbili wakatuita kikao, wakasema ratiba zipatane, na kipindi cha majaribio kikiisha bila mafanikio kituo cha mpakani kitafungwa, kila wilaya igeuzie mabasi yake mjini kwake. Mama akasema mbele ya watu wote, "Basi letu haliwezi kungoja. Anayechelewa ndiye asogee." Mimi nilikuwa na hoja, nilijua langu likiwahi zaidi, wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni wanaotoka zamu watakuta limeshapita, kwa hiyo lake ndilo lilipaswa kuchelewa kidogo, lakini mshauri, huyu ndiye mama aliyenikanda mgongo nilipojifungua, nitamwambiaje hapana mbele ya wanaume wenye tai? Nikainamisha kichwa, nikanyamaza, na kikao kikaisha kwa yale maneno ya vikao vyote, kwamba kila upande ukaangalie namna.

Nikarudi ofisini nikaliwahisha langu bila kumwambia, nilitaka alione mwenyewe afurahi. Kumbe naye aliniona nimenyamaza akadhani nimeumia, akarudi ofisini kwake akalichelewesha lake bila kuniambia! Ratiba mpya zikaanza siku moja. Sasa langu linafika, linageuza, linaondoka, ndipo la mama linatokeza. Wanaokwenda hospitali wanalipata la mama, sawa, ila wanaorudi, na bandeji zao na dawa zao mkononi, wanaliona basi langu mgongo.

Mmoja wao ni mjomba wa mume wangu, kaka wa mama mkwe, ambaye anakwenda kufanyishwa mazoezi ya nyonga na anatembelea mkongojo. Jumapili tulipokula kwa mama akasema, "Dada, wewe na mkweo mnakula meza moja, mbona mabasi yenu hayasalimiani?" Mama hata hakuinua macho, akasema, "Muulize yeye anayekimbia akiniona nakuja." Mshauri, maji yalinipalia. Kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaujua ukweli, dereva wa upande wao aliniambia pale kituoni, "Bosi alisema tulicheleweshe, mkwe wake asihangaike," lakini yeye ukweli wa kwangu haujui, anadhani nimemfanyia kiburi. Nikanyamaza tena.

Bosi wangu ananipigia makofi, anasema, "Safi sana, umewaonyesha, usisogee hata kidogo." Mume wangu nikimwambia akaseme na mama yake anajibu, "Mimi simo, wenye mabasi ni nyinyi." Nimefikiria kulirudisha langu kimyakimya, lakini je, naye akilirudisha lake kimyakimya siku hiyohiyo si tutakuwa tumerudi kulekule? Na nikimwambia kwamba tumekosea wote, si nitakuwa nimemkosoa mtu mzima? Majaribio yanakaribia kuisha, kituo kikifungwa mjomba hana njia nyingine ya kufika hospitali. Nifanyeje?

Wako,
Mkamwana wa Mpakani

*

Mkamwana wa Mpakani,

Nimecheka barua yako, halafu nikaona aibu kwa kucheka, maana kuna mzee wa mkongojo ndani yake.

Kila nikiandika kuhusu mipaka ya wilaya zetu, bwana mmoja hunitumia barua kunikumbusha kwamba kila halmashauri ina mamlaka yake. Kweli kabisa. Nyonga ya mjomba ndiyo haina mamlaka, inauma pande zote mbili. Mipaka hii imechorwa na watu wenye magari, na wanaoitembelea ni watu wasio nayo. Miaka yote nimepiga kelele kwamba mabasi hayakutani kwa sababu wakubwa wananuniana, na sitaacha kupiga kelele. Lakini leo umenionyesha kwamba yanaweza yasikutane kwa sababu watu wawili wanapendana na hawaulizani. Hilo sikuwa nimelifikiria, na limenikosesha raha.

Sasa usijisifu. Unaniambia ulinyamaza kwa heshima. Heshima gani? Mle kikaoni wewe peke yako ndiye uliyekuwa unawajua wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na hukuwataja. Mama mkwe wako ameshaambiwa hapana na madereva, na mafundi wa gereji, na madiwani waliotaka basi lipite milangoni kwao. Amesimama mpaka leo. Ukadhani hapana yako wewe, ya sauti ya chini, ndiyo itamwangusha? Ulimfanya kama chombo cha udongo, ukamwita mama huku ukimnyima kile ambacho mkurugenzi anahitaji, yaani habari. Na ulipomwandalia zawadi ya siri, zawadi hiyo mlipaji wake alikuwa nani? Mtu wa zamu aliyefika barabarani akakuta vumbi.

Mama yako naye simwachi. Kumhurumia mkwe mbele ya dereva na kumchoma mbele ya sahani si uungwana. Angeweza kuuliza. Wakubwa nao tunaruhusiwa kuuliza.

Bosi wako mwulize kwa upole: tumemshinda nani? Akikutajia abiria mmoja aliyefaidika na ushindi huo, niandikie, nitamwomba radhi hapahapa gazetini.

Sikiliza basi. Usilirudishe basi kimyakimya. Ukimya ndio uliowafikisha hapo, na umekwisha kuutumia mara mbili. Mume wako amesema hayumo, mwache hukohuko nje. Usilizungumze mezani kwa mama, pale yeye ni mwenyeji na wewe ni mtoto, utanyamaza mara ya tatu. Mpigie simu leo. Mwambie, "Shikamoo mama, naomba tukutane kituoni mpakani siku mjomba anapotoka hospitali. Ni ya kazi." Hilo la mwisho usilisahau.

Gari la ofisi liache. Panda basi lako, naye apande lake. Utafika wewe kwanza, ndivyo ulivyopanga. Basi lako litageuza liondoke. Usilizuie. Kaa na wanaongoja uone jinsi kibanda kile kinavyokuwa likishaondoka. Kisha la mama litakuja, atashuka pamoja na wagonjwa, nao wataangalia barabara haina kitu. Hapo mwambie, "Mama, langu nililiwahisha kwa ajili yako." Ya dereva usiyataje, kama lake alilichelewesha kwa ajili yako, atasema mwenyewe, na ni vizuri alisikie likitoka kinywani mwake. Ndipo umpe hoja ya kiwanda cha sabuni, ile uliyoimeza kikaoni. Lako lirudi lilipokuwa, lake libaki lilipo sasa. Tangu siku hiyo asisogeze mtu basi bila kumpigia mwenzake, na dereva akiona la jirani linapinda kona, angoje mpaka wa mwisho apande. Mkaliseme hilo mbele ya halmashauri zote mbili, mmesimama pamoja, kabla hawajafunga kituo. Kikaoni mwite mkurugenzi, na ikibidi mwambie hapana. Nyumbani mwite mama, umpikie.

Muda wa kuzungumza hautakosekana. La kwako si limeshaondoka? Na kama mama yako ni huyo ninayemfikiria, hatapanda lake akakuacha barabarani. Ila benchi ni moja. Mjomba akae. Nyinyi wawili simameni.