Matone Sitini kwa Dakika

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Kilangala tu wazima, babu yako anapalilia mihogo. Umeuliza kwa nini urudie hesabu ya dripu ambayo sista mkuu ameshaiandika.

Nilikuwa mfagiaji wa wodi. Mtoto mwenye malaria kali alitundikiwa na sista wa zamu dripu ya kwinini, mililita 240 kwa muda wa saa nne, matone sitini kwa dakika. Hesabu ilikuwa sahihi kwa mpira wa dripu wa watoto, wenye matone sitini kwa mililita. Ila mipira hiyo ilikwisha, akawekewa wa wakubwa. Ganda lake nililiokota mimi, limeandikwa matone ishirini kwa mililita.

“Sista, hii itaisha kwa saa moja na dakika ishirini. Moyo wake unaweza kusimama.”

“Wewe wa ufagio, nani kakufundisha?”

Nikaifunga dripu kwa mkono wangu. Mama mtoto akanikodolea macho. Sista akatazama saa yake, akahesabu midomo ikimcheza, kisha akaifungua taratibu: matone ishirini kwa dakika.

“Kamalizie deki,” akasema.

Mpaka leo sijaambiwa asante. Wewe hesabu, hata wakikununia. Jioni yule mtoto aliomba uji, na bakuli lake tupu nililiosha mimi.

Bibi yako